Cherehani iliyofika Kange siyo niliyoiona kwenye picha. Naweza kuirudisha?

*"Shikamoo mwanasheria. Naishi Makorora, Tanga, nashona madera na sare za madrasa nyumbani. Niliona Instagram tangazo la cherehani ya umeme. Picha zilikuwa tatu: cherehani kubwa nyeupe juu ya meza yake, mwanamke anashona jinzi, na picha ya karibu ya aina za mishono. Chini imeandikwa 'Cherehani ya umeme, imara, inashona vitambaa vyote, mpya kwenye boksi.' Bei 185,000. Muuzaji yuko Kariakoo. Nikatuma pesa kwa simu, na 10,000 ya basi. Stendi ya Kange nilisaini daftari la mizigo, boksi likiwa limezungushwa selotepu. Kufika nyumbani, nakuta kicherehani cha plastiki ninachoweza kukibeba kwa mkono mmoja, kinatumia betri nne au chaja. Kwenye kitambaa cha dera kilishona kidogo, kwenye jinzi sindano ikavunjika. Muuzaji kanijibu: 'Dada, picha ni za maonyesho, na mali ikishauzwa hairudi. Ongeza 150,000 nikupe kubwa.' Jirani ananiambia nilishasaini, maji yakimwagika hayazoleki. Mume wangu anataka twende polisi. Kaka yangu anasema kampuni ya simu itairudisha pesa. Leo ni siku ya sita. Nifanye nini?"*

Marahaba, mwanangu, na pole. Naelewa kwamba hujapoteza shilingi 185,000 tu. Umepoteza kitendea kazi ulichokuwa umekipangia kazi, na huenda kuna wazazi wanaosubiri sare. Ndiyo maana kila mtu nyumbani ana ushauri wake, na kila mmoja ana haraka. Nitaupitia ushauri wa kila mmoja wao, lakini kwanza nikuambie jambo moja ambalo ukilifanya leo litakusaidia kuliko mengine yote: mwandikie muuzaji kwamba umeikataa bidhaa hiyo. Tumia neno lenyewe, "nimeikataa". Nitakueleza kwa nini.

Mambo ya kununua na kuuza kwetu yanaongozwa na Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214. Ni sheria ya tangu ukoloni, iliandikwa kabla mtu hajafikiria duka ndani ya simu, lakini inalifaa jambo lako kana kwamba ilikuona. Inasema kwamba bidhaa ikiuzwa kwa maelezo, yaani mnunuzi hakuishika wala kuikagua bali aliambiwa ilivyo, basi kuna sharti kwamba kitakachofika kilingane na yale maelezo. Sharti hilo lipo hata kama hamkulitamka. Mtu anayenunua mchele pale Mgandini anatia mkono guniani, anautazama, anautafuna punje mbili. Wewe hukuwa na gunia la kutia mkono. Ulikuwa na picha tatu na mstari mmoja wa maneno, na hivyo ndivyo ulivyouziwa. Kwa hiyo picha kwenye biashara ya mtandaoni si pambo la tangazo. Ni sehemu ya maelezo, na muuzaji anawajibika nayo.

Hapo ndipo neno lake "picha ni za maonyesho" linapoanguka. Angeweza kulisema kabla hujalipa, tena kwa uwazi: "cherehani iliyo pichani siyo hii ninayouza, hii ni ndogo ya betri". Hakusema. Na hata tukiziweka picha pembeni, maneno yake mwenyewe yanamfunga. Aliandika kwamba inashona vitambaa vyote. Jinzi ni kitambaa.

Sasa sheria inayagawa masharti ya mauzo mafungu mawili. Kuna lile ambalo likivunjwa mnunuzi anaweza kuikataa bidhaa nzima na kudai pesa yake, na kuna dhamana ndogo ambayo ikivunjwa mnunuzi anabaki na bidhaa lakini anadai fidia au kupunguziwa bei. Kutolingana na maelezo kumo katika fungu la kwanza. Una haki ya kuikataa. Lakini haki hiyo ina mlango, na mlango huo hufungwa na mwenendo wako mwenyewe: ukishaikubali bidhaa, unashuka fungu la pili, unabaki na kudai fidia tu.

Je, ulipotia saini Kange uliikubali? Hapana. Jirani yako ana nia njema, ila amechanganya vitu viwili. Saini ya daftari la basi inathibitisha kwamba mzigo umekufikia, basi. Kuipokea bidhaa na kuikubali ni mambo tofauti, na sheria inasema wazi kwamba mtu ambaye hakuikagua bidhaa kabla hahesabiwi ameikubali mpaka apate nafasi ya kutosha ya kuikagua. Boksi lilikuwa na selotepu. Nafasi yako ya kukagua ilianzia nyumbani, na kule kuijaribu kwenye kitambaa cha dera na kwenye jinzi ndiko kukagua kwenyewe. Sindano iliyovunjika haikuharibii kesi, inakusaidia.

Kinachoweza kukuharibia ni mambo matatu: kumwambia muuzaji kwamba umeikubali, kuitumia au kuiuza kama mali yako, na kukaa nayo muda mrefu bila kumwambia kwamba huitaki. Sheria haitaji siku ngapi. Inasema muda unaofaa, na muda unaofaa wa kicherehani kilichoonekana tatizo siku ya kwanza si mrefu. Siku sita ni sawa, hasa kwa kuwa ulilalamika mapema. Lakini kulalamika siyo kukataa. Watu wengi huandika "mbona sivyo tulivyoongea", muuzaji anajibu, wanajibizana wiki tatu, na siku ya kwenda kwa hakimu hakuna ujumbe hata mmoja unaosema bidhaa imekataliwa. Nimeshuhudia madai mazuri yakidhoofika hivyo, na yananiuma kuliko yale yaliyokuwa dhaifu tangu mwanzo.

Kwa hiyo kicherehani kirudi kwenye boksi leo, wala usikitumie hata kupindia leso. Kisha mwandikie hivi, kwa maneno yako:

"Tarehe fulani nilikulipa shilingi 185,000 kwa cherehani ya umeme kama ilivyo kwenye tangazo lako, inayoshona vitambaa vyote. Uliyonituma ni ndogo ya plastiki ya betri, hailingani na picha wala maelezo, na imeshindwa kushona jinzi. Nimeikataa. Ipo kwenye boksi lake, unaweza kuichukua. Naomba unirudishie 185,000 na gharama ya kusafirisha 10,000 ndani ya siku saba."

Usitukane, usimwite tapeli, usimwombe kama unaomba msaada. Ujumbe huo unaweza kusomwa na mtu mwingine siku za mbele, uandike ukijua hivyo.

Umeona nimesema "unaweza kuichukua"? Wengi hudhani kwamba haki ya kurudisha inaanza pale mzigo unapopakiwa kwenye basi kurudi Dar. Sivyo. Chini ya sheria ile ile, mnunuzi aliyeikataa bidhaa kwa haki halazimiki kuirudisha kwa muuzaji. Inatosha kumjulisha kwamba ameikataa. Wajibu wako ni kuitunza isiharibike. Hili lina uzito kwako, maana muuzaji anaweza kukwambia "tuma kwanza, nikiiona nitakurudishia". Ukiituma bila makubaliano, anakuwa na pesa na cherehani, na wewe una risiti ya basi. Kama una ndugu unayemwamini Dar, njia nzuri ni kumtumia yeye mzigo, aende nao dukani Kariakoo, auweke mezani na kupokea pesa hapo hapo, au asubiri nao mpaka ujumbe wa malipo uingie kwenye simu yako. Kama huna mtu, mwambie muuzaji arudishe angalau nauli ya mzigo kwanza, na mkubaliane kwa maandishi lini atalipa iliyobaki. Wakati wa kufunga boksi piga video bila kukata, uonyeshe mashine, chaja, na namba ya risiti ya mzigo.

Kuhusu ule msemo wa "mali ikishauzwa hairudi": unamfaa muuzaji pale mnunuzi anapobadili mawazo. Umenunua kitambaa cha kijani, umefika nyumbani umetamani cha bluu, hapo dukani wana haki ya kukukatalia. Haumpi mtu ruhusa ya kuuza kitu kimoja na kutuma kingine. Zaidi ya hapo kuna Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayokataza mfanyabiashara kufanya jambo la kupotosha au linaloelekea kupotosha wateja. Haiulizi kama alikusudia.

Nasema hivyo kwa sababu, kwa uzoefu wangu, wauzaji wengi wa namna hii hawakukaa chini kupanga wizi. Tangu Jumia ilipofunga shughuli zake Tanzania mwaka 2019, sehemu kubwa ya manunuzi ya mtandaoni kwetu inafanyika Instagram, Facebook na WhatsApp, kati ya mtu na mtu, bila kampuni katikati inayoshika pesa mpaka mnunuzi aridhike. Na wengi wanaouza huko hawana bidhaa. Wana picha. Kijana anapewa picha na mwenye stoo, au anazinyofoa kwenye duka la Uchina, anaweka namba yake na kupandisha bei. Ukishalipa ndipo anakimbia mtaani kutafuta kitu kinachofanana kwa bei itakayomwachia faida. Picha ya tatu katika tangazo lako, ile ya karibu ya mishono, pengine ni ya kicherehani chenyewe: kamera ikisogezwa sana, kitu kidogo kinajaza fremu nzima na jicho halina cha kukilinganisha nacho. Ile ya mezani ni ya mashine nyingine kabisa.

Unaweza kulithibitisha hilo. Chukua picha ya tangazo uipitishe kwenye Google Lens, ile huduma ya simu inayotafuta mtandaoni picha zinazofanana. Ikitokea kwenye maduka mengine ikiuza mashine ya jina jingine na ukubwa mwingine, hifadhi kurasa hizo. Zitaonyesha kwamba picha haikuwa ya kile alichokuuzia.

Na hifadhi kila kitu leo, maana mali bila daftari hupotea bila habari. Tangazo linaweza kufutwa usiku huu. Kama lilikuwa kwenye status au stori, huondoka lenyewe baada ya saa 24. Piga picha ya skrini inayoonyesha jina la akaunti, picha zote tatu, maelezo na bei. Hamisha mazungumzo yote ya WhatsApp uyatume kwenye barua pepe yako au kwa mumeo. Utunze ujumbe wa muamala, kwa kuwa unaonyesha jina lililosajiliwa la aliyepokea pesa, na jina hilo mara nyingi silo lililo Instagram. Kama alikupa risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kodi, hiyo ni dhahabu, ina jina la biashara na namba ya mlipakodi. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inakubali ushahidi wa aina hii mahakamani, kwa hiyo asikutishe mtu kwamba meseji si ushahidi. Sheria hiyo hiyo inamtaka anayeuza kwa njia ya kielektroniki amweleze mnunuzi yeye ni nani, anapatikana wapi, na bidhaa yake ikoje.

Nije kwa kaka yako. Kampuni ya simu inaweza kusaidia pale pesa ilipokwenda namba isiyokusudiwa, na hapo dakika ni muhimu. Wewe ulimtumia uliyemkusudia, kiasi ulichokusudia. Kwa kampuni huo ni muamala uliokamilika, na haiwezi kuamua kama cherehani ililingana na picha. Ungekuwa umelipa kwa kadi ya benki ya Visa au Mastercard ningekwambia nenda benki yako mara moja ukafungue pingamizi la malipo, maana kadi zina utaratibu huo. Pesa ya simu haina.

Mumeo naye simlaumu, ila polisi si mlango wa kwanza. Muuzaji anayejibu meseji, anayejulikana alipo na aliyetuma kitu, ingawa si kile, mgogoro naye kwa kawaida ni wa madai. Unageuka jinai pale kunapokuwa na dalili za udanganyifu wa kukusudia: amekufungia namba, akaunti imebadili jina, duka alilokutajia halipo, au mmejikuta watu kadhaa mmefanyiwa vile vile kwa picha zile zile. Hapo nendeni kituoni na ushahidi wote. Kujipatia mali kwa njia ya udanganyifu ni kosa katika Kanuni ya Adhabu, na kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Namba inayotumika kutapeli unaweza pia kuiripoti kwa kutuma ujumbe kwenda 15040. Lakini fahamu kwamba polisi kazi yao ni kosa, si kukukusanyia deni. Ukianza na jinai kwenye jambo la madai, unaweza kuzungushwa mwezi mzima huku muda wako wa kukataa ukiyoyoma.

Kuna jambo hukuliuliza lakini najua litakuja: kumtangaza. Ukiandika kwa ukweli kilichotokea, uweke picha ya tangazo na picha ya kilichofika, hilo ni sawa na linawasaidia wengine. Ukiweka sura yake, namba yake ya simu, jina la kwenye muamala na neno "mwizi", unajitafutia kesi ya kashfa, na tangu mwaka 2022 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Usimpe nafasi ya kugeuka yeye mlalamikaji.

Sasa hilo pendekezo la kuongeza 150,000. Sikushauri, na nitakueleza hesabu yangu. Utakuwa umetoa 335,000 kwa mtu yule yule ambaye hukuwahi kuiona mali yake, na safari hii pia utaletewa boksi lenye selotepu. Zaidi, kubadilishana kunaweza kusomeka kwamba umeacha kudai pesa yako. Kama una uwezo wa kufika kiasi hicho, kuna maduka hapo mjini Tanga utakayoingia, ukaketi, ukapewa kipande cha kitambaa na kuikanyaga mashine kwa mguu wako kabla ya kulipa. Ningekubali mabadilishano kwa hali moja tu: ndugu yako wa Dar aende, aikague mashine kubwa na kuijaribu kwa jinzi, na ile 185,000 ihesabiwe yote.

Kupunguziwa bei na kubaki nacho? Ni haki yako ukitaka. Kama muuzaji atasema "baki nacho nikurudishie 130,000", usilikatae kwa hasira kabla ya kufikiri. Kicherehani hicho kinaweza kuziba mshono uliofumuka wa kitambaa chepesi, na nauli ya kwenda na kurudi Dar, pamoja na siku mbili usizoshona, vina gharama. Haki kamili ni 195,000. Ila mtu anayejua haki yake kamili ndiye anayeweza kuchagua kwa utulivu kupokea pungufu. Ukiafikiana, andika "kwa kumaliza mgogoro huu" na usubiri pesa iingie ndipo useme mmemalizana.

Siku saba zikipita kimya, hapo ondoka kwenye simu uende kwa watu ana kwa ana. Anza na msaidizi wa kisheria wa eneo lako. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua, na ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri inaweza kukuelekeza walipo. Atakusaidia kuandika barua ya madai, na barua peke yake hutosha mara nyingi, kwa sababu muuzaji anaona kwamba hutachoka. Baada ya hapo kuna Mahakama ya Mwanzo. Dai la kiasi chako limo ndani ya uwezo wake, shauri linaendeshwa kwa Kiswahili, na watu wengi hujisemea wenyewe bila wakili. Muulize karani kwanza kama shauri lifunguliwe Tanga au kule anakoishi mdaiwa, kwa kuwa hilo linaamua kama utahitaji kusafiri. Tume ya Ushindani nayo inapokea malalamiko ya upotoshaji. Ipelekee tangazo, hasa ukigundua bado anaendelea nalo, ila usiitegemee kuwa ndiyo itakayokurudishia pesa wiki hii.

Usisubiri siku hizo saba ikiwa ataanza kukutishia, au ataomba namba yako ya siri ya simu "ili akurudishie pesa". Hakuna marejesho yanayohitaji namba ya siri. Akifika hapo, mazungumzo yamekwisha, nenda kituoni.

Siku nyingine ukinunua kutoka mbali, mwombe muuzaji video fupi ya bidhaa yenyewe ikiwa inafanya kazi, futikamba ikiwa pembeni na jina lako limeandikwa kwenye karatasi mbele yake. Asiye na bidhaa mkononi hawezi kuipiga. Na pale Kange, kabla ya kusaini, omba kufungua boksi. Wakikataa, andika karibu na saini yako "sijaukagua mzigo".

Kwa leo, tuma ule ujumbe kabla hujaenda kulala, upige picha yake ya skrini ukishaonekana umefika. Na vile vipande vya sindano, kama hujavitupa, vifunge kwenye karatasi uviweke ndani ya boksi pamoja na kile kipande cha jinzi.